Matanga ya Idara ya Kifaransa

Mwalimu alipomsikia Séphora akibisha hodi kwa Kifaransa, alisimama ghafla hata kiti chake kikagonga ukuta. Aliitwa Charlotte, mama wa Kimarekani mwenye mvi, na katika idara ile ya Kifaransa alikuwa amebaki peke yake. Wenzake wawili walistaafu, na chuo, kilichokuwa kikipoteza wanafunzi kila mwaka, hakikuajiri wengine. Milango yao ilikuwa imefungwa, vibao vya majina vimeng'olewa.

Séphora na baba yake, Eliezer, walitoka Louisville jana, wakalala Columbus kwa shangazi Leya, mtaa wa Clintonville, ndipo asubuhi wakaja hadi chuo hiki cha serikali nje ya Buffalo. Séphora alitaka kuwa mwalimu wa Kifaransa. Vyuo viwili vilimkubali, hiki na kile kikubwa cha Columbus, na vyote vilitaka jibu Jumatatu.

"Mtafunga idara?" Séphora aliuliza.

"Wataamua mwakani," Charlotte alisema. "Tukipata wanafunzi kama wewe..." Hakumaliza. Akamimina kahawa nyingine ambayo hakuna aliyeiomba. Walipoinuka, alimshika Séphora mkono. "Kaeni kidogo."

Garini Séphora alikunja karatasi za chuo, akazikunjua, akazikunja tena. Sauti ile ya Charlotte aliijua. Mama yake alipofariki mwezi wa pili, wanawake wa kanisa walilala matanga kwao wiki nzima, magodoro yakajaa sebuleni. Kisha zamu zao za kazi ghalani zikawaita mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa bibi kizee, Mama Rudasingwa. Eliezer alimwambia mlangoni, "Mama, kaa kidogo," kwa sauti ileile.

Walikula Grant Street, mjini Buffalo, kwenye mkahawa wa Wakongomani wenzao. Eliezer alikuwa na furaha. Tangu asubuhi Kifaransa kilikuwa kimemrudia mdomoni.

"Bon, ni hapa," alisema. "Walikujua jina kabla hujafika. Na chuo ni cha Leta, cha serikali. Cha Leta hakifungwi."

"Papa, Leta ya kwetu ilifunga shule ngapi?"

"Ile haikuwa Leta. Ile ilikuwa njaa yenye mihuri." Akamega fufu. "Kula. Utawafundisha Wazungu Kifaransa cha Uvira, mimi nitacheka mpaka nilie."

Séphora hakula. Alisukuma sahani, akaivuta.

"Papa, nikija hapa nitakuwa nimekuja kusoma ama kulala matanga?"

"Nani amekufa?"

"Yule mama anaogopa kubaki peke yake. Anataka mtu wa kukaa naye."

Eliezer alinawa mkono polepole. "Donc unataka Columbus kwa sababu ni karibu na mimi. Usiseme matanga. Sema baba."

"Hapana. Ninataka mwalimu atakayekuwapo hata mwaka wa nne. Na wewe pia. Lakini mwalimu kwanza."

Eliezer alicheka kidogo. Séphora akamuuliza kama alimchukia Mama Rudasingwa kwa kuondoka.

"Nilimchukia mpaka Jumanne," alisema. "Halafu nikakumbuka kwamba na yeye ana kwake."

Séphora alitoa simu, akaanza kumwandikia Charlotte. Aliandika sentensi, akaifuta. Akaandika nyingine. Ilikuwa ya adabu, na ilimchoma.

"Unaandika nini?"

"Kwamba siji."

"Mama Rudasingwa hakutuandikia. Alisimama mlangoni na sufuria yake, akaniangalia usoni."

"Papa, ni saa nzima kurudi kule."

"Na kazini ninaingia kesho usiku. Mafuta yapo. Twende."

Séphora aliweka simu mfukoni. Njiani alitafuta jinsi ya kumwambia Charlotte kwa Kifaransa, kila sentensi ikawa ndefu mno ama fupi mno. Walipofika, taa ya ofisi ilikuwa bado inawaka. Eliezer alibaki chini, naye Séphora akapanda ngazi bila hata sentensi moja, akabisha hodi.