Jina la Dereva wa Cora

Jumapili ile ya Novemba, ya kuwakumbuka waliokufa vitani, kabla askari hawajapanga mistari, Sajini Meja Signy Thorsteinson alikwenda kwa kamanda wake kuomba jambo moja, akakataliwa.

"Signy, orodha ya wafu haiguswi," alisema Luteni Kanali Brisbois, huku akibandika ua jekundu la mashujaa kifuani. Siku za kazi alikuwa wakili, na hata akivaa gwanda aliongea kama yuko mahakamani. "Jina likishasomwa halifutwi, na jipya haliingii. Tumeachiwa hivyo."

"Tumeachiwa kosa, afande. Babu yangu hakufa ndani ya Cora. Amekufa Machi, kitandani kwake, mkono wake nimeushika mimi."

"Najua, na pole sana. Lakini ukibadilisha hata herufi, fimbo yako ya cheo utanikabidhi leo hii."

Farasi Wepesi wa Sandlund ni kikosi cha akiba. Farasi wenyewe waliondoka zamani, vikaja vifaru, lakini mpaka leo lipo tandiko linalopakwa mafuta kila mwezi wakati hakuna wa kulikalia. Waokaji mikate na makarani wa posta hawa, wakivaa gwanda wikendi, hushika mila kuliko hata askari wa kudumu. Mwaka 1944 kifaru chao kilichoitwa Cora kiliungua na watu wote watano. Dereva wake alikuwa Alvin, babu yake Signy, ila asubuhi ile jino lilimvimbisha shavu, na Noel Desjarlais, aliyeazimwa kutoka kombania nyingine, akakaa kwenye kiti chake. Orodha ilikuwa imeandikwa jana yake. Kombania hii ikadhani Noel ni wa ile, na ile ikadhani ni wa hii. Serikali ilisahihisha makaratasi yake, kikosi kikakataa. Barua ya Alvin ilipofika nyumbani, jina lake lilikuwa limeshasomwa mbele ya wajane.

Basi kwa miaka sabini Alvin aliitwa miongoni mwa wafu, naye anaishi mitaa miwili tu kutoka ukumbi wa gwaride. Signy alikua akimwona kila Jumapili hiyo amesimama jikoni, shati limepigwa pasi, kahawa inapoa, uso kaelekeza ukumbini. Hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka saa tano ipite.

Signy alimwelewa siku alipokabidhiwa kazi ya kuita majina. Kila jina la mfu huitikiwa na askari mwenye kazi ileile leo; akifika kwenye jina la Alvin, dereva wa sasa huitika, "Yupo!" Kisha, upande wa kushoto, mahali asiposimama mtu, kisigino hugonga sakafu. Mara moja, kwa nguvu. Ukumbi mzima ulisikia na ukumbi mzima ulijitia hamnazo.

"Ni mabomba ya joto hayo, afande," Koplo Yaremko, dereva, alimwambia mwaka jana, rangi imemtoka.

"Mabomba hayavai buti, Yaremko."

"Naomba yawe mabomba, afande. Nina watoto mimi."

Na Machi, sauti ikiwa imebaki kidogo tu, babu alisema, "Usiniite tena. Mwite Noel. Nimechoka kulala mahali pake."

Maneno hayo yalimkosesha raha tangu siku hiyo. Lakini kulikuwa na hatari, na ndiyo aliyokuwa akiiwaza sasa, mbele ya mistari, kitabu cha majina kikiwa mikononi. Sheria ya tangu enzi za farasi inasema anayeitwa mara tatu bila kuitikiwa huandikwa mtoro. Na hilo nalo halifutwi. Anayeita haruhusiwi kuitika. Noel, aliyeungua kwa ajili ya jino la mwenzake, angeweza kutoka ukumbini humo akiwa mtoro milele, kwa mdomo wa mjukuu wa mtu aliyeokolewa naye.

Aliwaita wanne wa Cora. Wanne wakaitikiwa. Akaliruka jina la Alvin.

"Askari Noel Desjarlais!"

Brisbois aligeuza kichwa polepole. Yaremko alimtazama kamanda, akatazama buti zake.

"Askari Noel Desjarlais!"

Ukumbini kukaingia harufu ya mafuta ya mashine yaliyoungua, na safari hii hakuna aliyeweza kusingizia mabomba. Mwanamke mmoja kwenye viti vya wageni alijiziba pua kwa kitambaa. Signy alijuta. Alijuta kweli, akatamani alirudie jina la Alvin kama kawaida, yaishe, watu wakanywe kahawa. Lakini Noel alikuwa ameshaitwa mara mbili.

"Koplo, utulie hapo," alisema Brisbois kwa sauti ya chini.

"Askari Noel Desjarlais!"

Yaremko alipiga hatua mbele. "Yupo!" alipayuka, kwa nguvu iliyozidi, sauti ikamkatika katikati. "Yupo, afande! Dereva wa Cora, yupo!"

Signy alisikiliza upande wa kushoto. Hapakugonga kitu, kana kwamba aliyekuwa akigonga amepata jina lake. Harufu ilipungua taratibu, ukabaki ubaridi wa theluji uliokuwa ukipenya chini ya mlango.

Akafunga kitabu. Brisbois alinyoosha mkono, naye Signy akampa fimbo, akarudi mahali pake na kusimama wima.

Orodha ilikuwa imemalizika bila Alvin Thorsteinson. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemwitikia. Tangu Machi Signy alikuwa amezika, amegawa nguo, ameuza kitanda, na chozi halijamtoka. Sasa, mbele ya kikosi kizima, ndipo alipojua kwamba babu yake amekufa, akalia kwa sauti.