Masharubu ya Shushani

Makhlufu alijua kwamba masikio yake yamekufa asubuhi moja ya mwezi wa toba, ndani ya sinagogi, pembe ikiwa mdomoni. Alipuliza. Mashavu yalijaa, kifua kikatetemeka, meno yakamwasha, na watu mbele yake wakashtuka kama inavyompasa mtu kushtuka akiitwa arudi kwa Muumba wake. Yeye hakusikia kitu. Hata chembe! Sikio la kushoto lilikwisha zamani kwa nyundo za usonara, la kulia ndilo lililokuwa likimbeba, na kiangazi hicho nalo likamtupa mkono.

Akaifunga pembe katika kitambaa chake, akaenda nyumbani, akanyamaza. Angesema nini? Mtaani kwao Hara, kisiwani Djerba, hakuna aliyemwita Makhlufu sonara. Alikuwa Makhlufu wa baragumu. Yeye ndiye aliyewapulizia watu kila Mwaka Mpya tangu baba mkwe wake alipomkabidhi ile pembe ya kondoo dume. Na sheria, ole wake, aliijua vizuri. Amri ni kulisikia baragumu, si kulipuliza tu. Asiyesikia hana amri hiyo, na asiye na amri hawezi kuwatimizia wenzake. Akipuliza kiziwi, sinagogi zima litarudi nyumbani likale tende na komamanga na kichwa cha kondoo, likidhani limetimiza, kumbe wapi. Na Mwaka Mpya ndiyo siku yenyewe ambayo Mungu huwahukumu watu!

Kamuna mkewe hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshaanza kumgeukia uso kwa uso kila anaposema, akipanua midomo kama anayemlisha mtoto uji.

"Mwambie Rabi," alisema.

"Nimwambie nini? Mimi mzima."

"Mzima! Jana muuza maziwa kagonga mlango mpaka jirani akamfungulia wa kwake."

Makhlufu akachukua kofia yake, akatoka. Akamkuta Rabi Nisimu uani, juani, na kitabu. Rabi alikuwa mtu mwema, lakini kwa Makhlufu wa siku zile alikuwa mtihani mkubwa, maana ndevu na masharubu yalimfunika mdomo usione hata ufa.

"Rabi, nina rafiki yangu huko Zarzis," alianza Makhlufu, akitazama viatu vyake. "Ndiye mpuliza baragumu wao. Sasa masikio yamemlegea kidogo. Anauliza, sheria inasemaje?"

Rabi taratibu akayainua masharubu yake kwa vidole viwili, mdomo ukaonekana wote, akasema neno mojamoja:

"Huyo rafiki yako, pembe anaisikia?"

"Anaisikia kwenye meno."

"Meno hayana masikio, Makhlufu."

Makhlufu akaangua kilio. Hukumu ilimuuma, ndiyo, lakini kilichomliza ni vile vidole viwili. Kumbe mzee alijua, na hakumwaibisha mbele ya watu!

"Umejua tangu lini, Rabi?"

"Tangu uliponiitikia 'Amina' nikikuuliza hali ya mkeo." Rabi alicheka, masharubu bado ameyashika. "Mwambie wa Zarzis amtafute mwenye pumzi. Na asichelewe, mwaka uko mlangoni."

Mwenye pumzi! Hara nzima ilijua ni nani. Ni Shushani muuza nyama, kaka yake Kamuna, mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta yakasokotwa ncha, masharubu ambayo harusi haikuwa harusi mpaka yameingia. Na pembe ile ilikuwa ya baba yake. Mzee alipokuwa kitandani mwa mauti alimruka mwanawe, akampa mkwe, kwa sababu Shushani wa enzi hizo alikuwa mtu wa mikahawa na sigara. Makhlufu naye, badala ya kupokea kwa adabu, akasema mbele ya watu: "Pumzi za Shushani zinafaa kufukuzia nzi buchani." Watu wakacheka. Tangu hapo Shushani alimuuzia nyama, akamrudishia salamu, basi.

Makhlufu aliingia buchani na kitambaa chake kwapani. Wanawake walikuwa wamejaa, wanagombania vichwa vya kondoo.

"Shemeji, nakuomba msamaha," alisema.

Yale masharubu yakachezacheza. Maneno yalikuwepo chini yake, lakini Makhlufu hakuyaona.

"Sikusikii!" akapaza sauti, na buchani kukawa kimya, yeye asijue. "Siwasikii nyote. Nimekuwa kiziwi, Shushani. Siwezi tena kupuliza. Na lile neno la nzi, nilikosea siku ile, na nimekosea kila siku niliyonyamaza baada yake. Pembe ni ya baba yako. Ichukue."

Shushani akafuta mikono kwenye aproni. Akaipokea pembe, akaigeuzageuza, akaiweka mdomoni palepale kati ya mapaja ya kondoo yaliyoning'inia. Makhlufu aliona paka akiruka kutoka kwenye gogo. Aliona wanawake wakisimama wima, na bibi mmoja ng'ambo ya barabara akiweka mkono kifuani, asiuondoe. Lo, huyu mtu anajua! Masharubu yakaanza tena kucheza.

"Anasema nini?" Makhlufu akamuuliza Kamuna, aliyekuwa amemfuata nyuma.

Kamuna akamgeukia. "Anasema miaka yote hii anajifunza ufukweni, peke yake, kwa pembe ya kununua. Anasema wewe ni punda."

"Kisha?"

"Kisha basi. Analia."

Siku ya Mwaka Mpya Makhlufu alivua viatu, akaketi kwenye mkeka chini ya mimbari, mahali ambapo hakuwahi kuketi, akijiambia atakuwa kama gunia la ngano, lipo tu. Shushani akapanda, kichwa kimefunikwa shali nyeupe. Watu wakainuka. Badala ya kuelekea kitabu, Shushani akageuka upande wa Makhlufu, akaisogeza shali nyuma.

Masharubu hayakuwepo!

Alikuwa ameyanyoa jana yake. Juu ya mdomo palikuwa peupe kama kitunguu kilichomenywa, na yule bwana wa harusi zote alionekana mdogo, mwenye haya. Watu wakashika midomo. Shushani hakuwajali. Alimkazia macho shemeji yake, akapanua midomo kama Kamuna:

"Umebarikiwa wewe, uliyetuamuru kusikia sauti ya baragumu."

Makhlufu aliliona kila neno likipita, na hakuna hata moja lililomchoma. Kisha ikaja baraka ya pili, polepole zaidi:

"Uliyetuweka hai, ukatutegemeza, ukatufikisha wakati huu."

"Amina!" akasema Makhlufu, kwa sauti ambayo, Kamuna alimwambia baadaye, ilizitikisa taa.

Shushani akaweka pembe kwenye mdomo wake mtupu, akapuliza. Makhlufu hakusikia kitu. Alimshukuru Mungu mpaka akashikwa na kwikwi.