Mgao wa Kumi na Tano

Haraka haraka haina baraka, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kugawa karata kwenye mashindano ya poka. Milojka Bratuž alizigawa kwa miaka ishirini na saba katika ukumbi ule ule wa Nova Gorica, hatua chache kutoka mpakani, na muda wote huo hakuna aliyemwambia kwamba ana pupa wala kwamba anachelewa. Alikuwa na mwendo wake. Kisha mwaka huu vidole vya mkono wa kulia vikaanza kumvimba kwenye maungio, na uongozi nao, kana kwamba ulikuwa ukisubiri hilo tu, ukaleta meza mpya zenye mashine ya kuchanganya karata. Mashine ilichanganya, na ilihesabu pia.

Sheria mpya ilikuwa fupi. Kila mgawaji atoe wastani wa migao kumi na mitano kwa nusu saa. Atakayefika abaki mezani, asiyefika ashuke chini, akahudumu kwenye ukumbi wa mashine za bahati nasibu. Mshahara ni ule ule, na viti vya huko ni vizuri zaidi. Wenzake walimwambia hivyo kwa nia njema, wakashangaa kumwona anasononeka.

Hawakujua masikio yake. Kijijini kwao Gradinje kengele za kanisa hazivutwi kwa kamba tu. Sikukuu inapokaribia, watu watatu hupanda mnarani, kila mmoja akashika ulimi wa kengele yake kwa mkono, wakazigonga kwa zamu, upesi na kwa mpango, mpaka mashamba yote ya mizabibu yanasikia wimbo. Milojka alishika kengele ya kati tangu alipokuwa na miaka kumi na minne. Kule juu ukichelewa umeharibu, na ukiwahi umeharibu zaidi. Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke kwenye mashine mia mbili, kila moja inalia kengele zake inapotaka, bila kumsikiliza jirani. Alijaribishwa huko siku moja, akarudi nyumbani akala mchuzi wake wa maharage na kabichi chachu pasipo kuwasha hata redio. Alilala akiwa bado anazisikia.

Kwa hiyo Jumapili ile ya mwisho ya mashindano, hesabu ilipomkalia vibaya, aliogopa. Hakuna haja ya kumpamba.

"Bi Milojka," msimamizi wa ukumbi alimwambia saa tisa na nusu kamili, akimwinamia sikioni. Huyu alikuwa Neva Rijavec, binti wa miaka thelathini na moja, ambaye Milojka mwenyewe ndiye aliyemfundisha kugawa. "Nimeangalia hesabu zako za juma zima. Nusu saa hii ukitoa kumi na tano, umevuka. Ukitoa kumi na nne, mimi sina la kufanya."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Usinichukie."

"Nikuchukie kwa nini? Nenda, wanakusubiri kule."

Ubaya ni kwamba nusu saa yenyewe ilikuwa ile mbaya kuliko zote. Walibaki wachezaji arobaini na watatu, na wa kupewa tuzo walikuwa arobaini. Hapo ndipo watu hugeuka kobe. Mwenye sarafu chache za mchezo hujua kwamba wakitolewa watatu tu kwenye meza nyingine, yeye ameingia. Basi karata anazopewa huzitazama kama barua kutoka serikalini. Wakibaki arobaini na mmoja, meza zote huamriwa kwenda sawa, mgao mmoja kwa mmoja, na ujanja huo unakufa. Lakini kabla ya hapo, anayejua kuchelewa huchelewa. Mgawaji naye haruhusiwi kumhimiza. Akiona mtu amepitiliza, ni mchezaji mwenzake tu wa meza ile anayeweza kumwombea saa. Hapo msimamizi huja akampa sekunde thelathini.

Na kwenye meza ya Milojka, kobe mkuu alikuwa Edvin Lutman.

Mzee Edvin alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Zaidi ya hapo, ndiye mgongaji wa kengele kubwa. Miaka arobaini mnarani, hajawahi kukosa pigo hata moja, mvua wala upepo mkali wa burja. Mkewe Zorka alishika ile ndogo, Milojka ya kati, Edvin kubwa. Mtu huyo huyo, ukimketisha kwenye meza ya poka, anakuwa tope. Alikuwa ameingia mashindano haya miaka tisa mfululizo na hakuwahi kupata tuzo, hata ya mwisho. Pale kijijini walisema Edvin huenda Gorica kuwabariki wenzake.

Hakujua chochote kuhusu migao kumi na mitano. Zorka alijua, maana wanawake hawa wawili walikuwa wakioka mkate pamoja, lakini Milojka alimwapisha asimwambie mumewe mpaka mashindano yaishe. Mgawaji na mchezaji wakiwa na siri moja, huo si mchezo tena.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Milojka aligawa bila kuruhusu vidole vilalamike, akakusanya, akagawa tena. Lakini kila zamu ilipofika kwa Edvin, gari lilizama. Alishika kidevu. Alizipanga sarafu zake tano, akazipangua.

"Mzee, unahesabu nini?" aliuliza Ornella, dada mmoja wa Udine aliyekuwa na rundo la sarafu mbele yake kama gunia la viazi lililomwagwa. "Ziko tano. Zilikuwa tano dakika kumi zilizopita."

"Ni tano zangu, binti. Wewe una mlima mzima, haraka ya nini?"

"Haraka ya kuzeeka sina. Naona wewe unataka tuzeeke pamoja."

Meza ikacheka. Hata hivyo, Ornella hakumwombea saa, na wengine ndiyo kabisa. Wawili wao walikuwa na sarafu chache pia, na uchelewaji wa Edvin uliwafaa. Milojka alitazama kitambaa cha kijani na kuuma ulimi.

Mgao wa kumi na nne ulianza saa kumi kasoro dakika tano. Alipiga hesabu: huu ukiisha kwa dakika tatu, wa kumi na tano utaanza kabla ya saa kugonga, na mgao ulioanza unahesabiwa. Wachezaji wakatupa karata zao mmoja baada ya mwingine, wakabaki wawili, Ornella na Edvin. Milojka akafunua karata tatu katikati ya meza. Hakuna aliyekuwa ameongeza dau, na zamu ya kwanza ilikuwa ya Edvin. Angeweza kuweka sarafu, au angeweza kupita bila kuweka kitu. Kupita ni rahisi: unagonga meza kwa kifundo cha kidole, basi.

Edvin alishika kidevu.

Dakika moja ikapita, ikafuata nusu ya pili. Milojka alikuwa amelaza mkono wake mezani, na kwa kuwa akili ilikuwa kwenye saa ya ukutani, hakuona vidole vyake vinafanya nini. Vilikuwa vinagonga kitambaa, polepole, kama vilivyozoea kugonga ukingo wa sinki au magoti yake kanisani: ndogo, kati, ndogo, kati, kisha nafasi tupu. Ndogo, kati, ndogo, kati, kisha nafasi tupu.

Mara ya tatu, kwenye ile nafasi, Edvin aligonga.

Aligonga kwa kifundo cha kidole, pigo moja zito, mahali pake hasa. Macho yake yalikuwa bado kwenye karata. Ni miaka arobaini ndiyo iliyogonga.

"Amepita," alisema Ornella, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye sarafu.

Edvin akainua kichwa. "Nani amepita?"

"Wewe. Umegonga meza."

"Sikugonga meza. Nimegonga..." Akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nimegonga kengele."

Watu wakacheka mpaka wa meza ya pili wakageuka. Mzee hakucheka. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni, na Milojka alimhurumia, na papo hapo akaiona saa: kumi kasoro dakika tatu.

Neva alikuja akitembea upesi. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, kisha akamgeukia mgawaji, maana neno la mgawaji ndilo linalokata.

"Bi Milojka. Umeona nini?"

Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli: amegonga meza. Maneno mawili tu, Ornella angecheza, karata mbili za mwisho zingefunuliwa, na mgao wa kumi na tano ungeanza kukiwa na muda wa kutosha. Hakuna mtu ambaye angesema Milojka amedanganya. Alisikia mashine mia mbili za chini zikilia kichwani mwake. Alitamani sana kujibu kwa maneno mawili.

"Amegonga meza," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyemgongesha."

"Sijaelewa."

Basi akaeleza. Alieleza habari za mnara, za kengele tatu, za Zorka na ile ndogo, na jinsi vidole vyake vilivyogonga mapigo ya kengele mbili na kuacha la kubwa, na kwamba mtu wa kengele kubwa akiachiwa nafasi ile hawezi kuiacha tupu, sawa na wewe usivyoweza kuacha kuitikia salamu. Ilibidi aeleze mara mbili, maana Neva ni mtoto wa mjini. Ornella alimtaka aonyeshe. Alionyesha. Edvin aliushikilia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto ili usijibu tena, na meza ikacheka upya.

"Mgawaji ndiye aliyesababisha," Neva aliamua mwishowe. "Pigo halihesabiwi. Bwana Lutman, zamu bado ni yako." Akamtazama Milojka kwa muda mfupi, kisha akaitazama saa.

Edvin alishika kidevu.

"Hapana," alisema Ornella. "Sasa namwombea saa."

Neva akahesabu sekunde thelathini, tano za mwisho kwa sauti. Kwenye moja, Edvin akanyoosha mgongo.

"Napita," alisema, na akagonga meza.

Milojka hakuweza kuzuia tabasamu, japo moyo wake ulikuwa umeshavunjika. Alipofunua karata ya tano, king'ora cha mapumziko kililia. Mashine iliandika kumi na nne.

Neva alimngoja kwenye korido, karibu na makabati. "Ungenijibu kwa maneno mawili," alisema, macho chini.

"Najua."

"Kwa nini, sasa?"

"Wewe nilikufundisha nini siku ya kwanza?"

Neva alikuwa amefundishwa kwamba mgawaji hana upande, hata upande wake mwenyewe. Aliushika ule mkono uliovimba, akauachia, akaenda zake.

Baada ya mapumziko, meza ya mbali ilitoa watu watatu ndani ya robo saa, na Edvin Lutman akaingia kwenye tuzo akiwa wa arobaini, sarafu zake tano zikiwa hazijaguswa. Mvumilivu hula mbivu. Kwa siku tatu Gradinje haikusikia habari nyingine. Edvin alimletea Milojka chupa ya divai nyeupe na kumsimulia mgao ule tangu mwanzo, kana kwamba hakuwepo. Milojka alimsikiliza, akampongeza, na kesho yake akashuka chini kwenye mashine.

Jumamosi ikafika, mkesha wa sikukuu ya kijiji. Saa sita mchana wakapanda mnarani kama kawaida, Milojka mbele. Nyuma yake, kwenye ngazi, alimsikia Zorka akinong'ona, na hatua za Edvin zikasimama. Mzee alipofika juu, alikuwa amevua kofia.

"Mbona hukuniambia?"

"Mgawaji hasemi."

"Neno moja tu, Milojka. Ningetupa zile karata zangu mara moja."

"Ndiyo maana sikusema."

Edvin aliirudisha kofia kichwani. Akaenda kwenye nafasi yake. Kila mmoja akashika ulimi wa kengele yake. Anayeanzisha ni wa kati. Akitikisa kichwa, ndogo inaingia, na wengine wanafuata. Kule chini watu walikuwa wamesimama uani mwa kanisa, sura zao zikitazama juu. Milojka alisikiliza. Hapakuwa na kitu ila upepo kwenye mizabibu na bawaba moja inayolia. Baada ya juma zima la zile mashine, ukimya ule ulimwingia kama maji ya kunywa.

Hakutikisa kichwa.

Zorka alimtazama. Edvin alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Kengele kubwa ni nzito, na ulimi wake ukishaushika tayari kwa pigo, mabega yanaanza kuuma. Dakika nzima ikapita. Kule chini mtu akakohoa, mwingine akauliza kwa sauti kama wamelala huko juu.

"Kulikoni?" Edvin aliuliza.

"Nafikiria," alisema Milojka.

Zorka aligeuza uso ukutani, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Mzee alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni, kama siku ile. Angeweza kumwombea saa. Maneno yalimfika mdomoni, ilionekana. Badala yake aliushika ulimi wa kengele kwa mikono miwili, ule wa kinywani mwake akaufunga, akasubiri mpaka Milojka alipokuwa tayari.