Tangazo la Koko Bernadette

Simu yangu inanijua kuliko padri. Inajua sina kazi, ndiyo maana kila asubuhi inaniletea tangazo la kuwa tajiri. Inajua nimechoka, inaniuzia dawa ya kiuno. Kitu kimoja tu ilishindwa kujua: mjomba wangu Okito yuko wapi.

Wakati wa vita Okito alikwenda Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati. Mama yake, Koko Bernadette, nyanya yangu, alikuwa akiongea naye kwa foni, ile redio kubwa ya mawasiliano iliyokuwa nyumbani kwa Mzee Mbaraka. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimesimuliwa mpaka najua harufu ya betri yake. Ilibidi uanze kwa kusalimu laini yote, maana Kalima na Kampene nzima walikuwa wanasikiliza. Ndipo useme shauri lako, umalize na "à vous", yaani zamu yako, unyamaze mpaka mwenzako ajibu. Siku moja watu wenye bunduki wakaibeba foni. Okito hakusikika tena.

"Gédéon," Koko aliniambia juzi, "hiyo simu yako inasema na dunia nzima. Unitafutie mutoto wangu mbele sijakufa."

"Koko, kusema inasema. Kusikiliza njo shida."

Nikampiga picha: kitambaa cheupe kichwani, uso wa mtu aliyezoea kusubiri. Maneno alinitajia mwenyewe, kwa desturi ya foni: "Sisi, familia ya Koko Bernadette, mzaliwa wa Tunda, tunawasalimu kwa heshima ndugu, majirani na wote waliomfahamu, popote walipo, na tunawajulisha kwamba..." Jina la Okito na ombi la kumtafuta vilikuja chini kabisa.

Nilipolituma tangazo, mtandao ukakata maneno pale pale kwenye "kwamba". Kusoma yaliyobaki lazima ubonyeze, na hapa Kindu nani anachezea mega zake za intaneti? Watu wakaona mwanamke mzee, kitambaa cheupe, familia inajulisha. Wakaanza kulia.

"Pumzika kwa amani, mama yetu." "Umetuacha mapema mno." Katikati ya machozi alijipenyeza muuza krimu ya ngozi, na fundi wa kurudisha wapenzi waliokimbia. Kufika mchana, simu ikaanza kunionyesha majeneza.

Jirani yetu Mama Salama aliingia uani na sufuria ya wali kichwani, kilio mdomoni, akamkuta marehemu anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Bernadette! Si ulikufa?"

"Nani amekuambia?"

"Simu!"

"Basi tua sufuria. Marehemu naye iko na njaa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaendelea kusoma rambirambi, na kicheko kikanikauka. Chini ya muuza krimu kulikuwa na mtu ameandika: "Mama, nilikuwa najitayarisha nikuje. Okito, Kampene."

Nikamwandikia upesi: Koko iko hai, mimi mjukuu wake! Akajibu: "Matapeli, muogope Mungu. Hata juu ya maiti?"

Sikumlaumu. Mtandao umetufundisha hivyo: anayekuita ndugu anataka kitu. Lakini ningeandika neno jingine moja tu, angenifungia laini, na hapo mama yake angekufa kweli, kwake yeye.

"Lete hapa," Koko akasema, akijifuta mikono.

Nikamshikia simu arekodi sauti.

"Laini yote, hamjambo. Kampene, hamjambo. Okito, njo mimi, mama yako. Sijakufa. Jembe la baba yako ulilobeba Kalima, mpaka leo haujarudisha. À vous."

Nikatuma. Koko akabaki na simu sikioni.

"Koko, unaweza kuiweka chini, itatulilia yenyewe."

"Nyamaza. Laini iko wazi."

Tukanyamaza, hata Mama Salama na wali wake. Nilipochungulia kioo, kilikuwa kinatangaza krimu.

Kisha sauti ikaingia. Kwanza mwanaume analia, kwa muda mrefu, na nyuma yake nyundo zinagonga mawe. Mwishowe: "Bien reçu, mama, nimekupata. Nakuja. Jembe lilivunjika. À vous."

Mama Salama akaanza kulia upya, safari hii na sababu. Koko akanirudishia simu, akaushika mchi.

"Mutoto huyu," alisema. "Vita imeisha, mimi nimezeeka, na jembe bado iko na maneno."

Akaendelea kutwanga. Sombe ilikuwa imelainika zamani.