Madoriani Yanayoangukia Juu

Asubuhi mdoriani wa Saodah ulipogeuka juu chini, mwenyewe alikuwa akimenya vitunguu. Mizizi ilitazama mbinguni ikidondosha udongo, na matawi yaliyojaa madoriani, matunda mazito ya miiba, yalining'inia hewani, usawa wa mkono. Popo waliolala humo sasa walilala wima.

Walikuwa wamehamia mtini tangu kampuni ya kokoto ilipoanza kulipua pango lao kila saa kumi alasiri. Ruhusa ilitiwa saini na Jamhari, mkuu wa kijiji, kaka yake Saodah.

"Popo wameuambukiza tabia yao," alisema Jamhari akiuzunguka mti. "Mti unatulisha. Popo anatulisha nini? Kinyesi?"

"Na maua nani anayachavusha usiku, kaka? Wewe, na kitambi hicho?"

Majirani walicheka, kisha wakatandika mikeka. Mti huo mmoja ndio uliomvusha mwaka Saodah tangu awe mjane, na matunda yalikuwa karibu kuiva.

Alasiri doriani la kwanza lilikatika kikonyo. Likapanda polepole, likapita mizizi, likaingia mawinguni. Saodah, aliyevaa sufuria kichwani kama kila mtu apitaye chini ya mdoriani, aliinua shingo mpaka sufuria ikaanguka.

"Yachume basi kabla hayajaisha," alisema Jamhari.

Mama mmoja alimziba mwanawe masikio. Kijijini hapo doriani halichumwi. Linangojwa lianguke lenyewe.

"Marehemu baba akusikie," alisema Saodah. Hakuweza kukaa. Aliingia kwenye kibanda cha kungojea, akatoka, akaingia tena. "Wazuie wasilipue, kaka. Popo watarudi kwao, na mti utashuka."

"Nimeshatia saini."

"Ifute."

"Saini ya mkuu haifutwi," alisema Jamhari, akaomba chai.

Matunda yaliendelea kupanda, moja moja, hadi msimu ukaisha. Saodah alitoboa paa la kibanda ili angoje akitazama juu, kwa kuwa kungoja ndiko alikokuzoea. Majirani waliofika kumpa pole walivaa sufuria miguuni, wasije nao wakaangukia juu.

Mwaka huo hakuna aliyesikia doriani likidondoka. Kishindo kilikuwa kimoja tu, cha saa kumi. Vikombe vilitikisika, na kila mtu akashika chake.