Tangazo Kwenye Dashibodi

Askari wa barabarani alinyoosha mkono kuelekea kulia, na dereva akasita. Barabara kuu ilikuwa imechimbwa ili kupitisha mabomba. Magari yote yalitakiwa kupita mtaa wa nyuma, na mtaa wa nyuma ndiko ilikokuwa kliniki ya macho.

"Hakuna njia nyingine, afande?" aliuliza, kichwa nje ya dirisha.

"Ipo. Ya kurudi ulikotoka."

Wauguzi waliojaa ndani ya basi dogo wakaangua kicheko. Walikuwa wakienda hospitalini kupokea zamu ya mchana. Yeye ndiye aliyewapeleka na kuwarudisha kila siku, nao walimwita Breki kwa mwendo wake wa taratibu.

"Ingia basi, Breki!" Sista Mkuu alisema kutoka kiti cha nyuma. "Wagonjwa watapona wenyewe kabla hatujafika."

Breki akakata kona.

Kwenye dashibodi, kifaa cha ramani kilichora njia mpya kwa mstari wa buluu. Mwenye gari alikipata bure, ila kwa sharti: kingetoa matangazo ya biashara zilizo jirani na mahali gari lilipo, tena kwa sauti isiyoweza kupunguzwa likiwa barabarani. Abiria walishazoea. Wakipita duka la magodoro, sauti ya kike iliwaambia kuwa migongo yao inastahili raha. Wakipita kwa fundi wa matairi, iliwauliza hali ya matairi. Wauguzi waliijibu na kuitania kama jirani mwenye maneno mengi.

Lakini kifaa hicho kilikumbuka pia mahali gari lilipokwisha kuegeshwa mara tatu au zaidi. Breki aligundua jambo hilo jana yake, akiwa peke yake. Alipokaribia kliniki, sauti ilimsalimu: "Karibu tena kwenye kliniki yetu ya macho! Umeshatutembelea mara tatu. Usiache presha ya macho ikuibie uwezo wa kuona. Ingia leo uendelee na matibabu."

Ni kweli alikwenda mara tatu, kila mara baada ya kuwashusha wauguzi. Daktari alimwambia kwamba jicho la kushoto limekwisha kuharibika na la kulia limeanza. Aweke matone kila siku, na asiendeshe watu mpaka apimwe tena. Matone alikuwa anaweka. Kuendesha hakuacha. Hakumwambia mwenye gari, kwa sababu funguo zingepewa mtu mwingine, na udereva ndiyo kazi pekee aliyoijua. Hakumwambia mkewe. Na hakumwambia huyu aliyeketi kiti cha mbele, kushoto kwake, mdogo wa mkewe, muuguzi kama wenzake. Shemeji akijua, nyumba nzima imejua.

"Mungu wangu, nivushe mtaa huu tu," aliomba moyoni. Kuna maombi ambayo mtu huyaomba huku akijua kwamba anamwomba Mungu amsaidie kudanganya. Hili lilikuwa mojawapo, na yeye alilijua.

Foleni ilisogea kidogo, ikasimama. Juu ya paa la duka la viatu aliona kibao cha kliniki, jicho kubwa la buluu.

"Akina sista, mbona leo mmepoa? Imbeni hata pambio moja."

"Heh! Breki ameguswa!"

"Ameguswa na nini? Ameona foleni ndefu, anataka tumsindikize."

Hata hivyo waliimba, tena kwa makofi. Shemeji naye aliimba huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Breki alipeleka mkono kwenye kifaa, akabonyeza kitufe cha sauti. Hakikuitika. Akabonyeza tena, akainama kukitafuta kitufe cha kuzima. Gari la mbele lilipoondoka, naye akaachia klachi huku bado ameinama.

"Shemeji! Simama!"

Alikanyaga breki kwa nguvu zote. Watu wakarushwa mbele, wimbo ukakatika. Kwenye kona ya kushoto ya basi alisimama mwanamume mwenye mkokoteni wa madumu ya maji, kiganja chake kimegusa boneti.

"We kipofu?" yule mtu alipiga kelele. "Hunioni na mkokoteni wote huu?"

Ndani ya basi wauguzi walijiinua vitini. Hapo sauti ya kike ikajitokeza, ikiwa na furaha ileile: "Karibu tena kwenye kliniki yetu ya macho! Umeshatutembelea mara tatu..." Ikasema yote mpaka mwisho.

Sista Mkuu ndiye aliyecheka kwanza. "Basi hata mashine imekuona, Breki! Usijali, hizi humkaribisha kila mtu. Juzi nimekaa kwenye teksi, nikakaribishwa tena kwenye duka la suti za kiume."

Wote wakacheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Breki alikuwa amefunguliwa mlango wa kukwepa, ilibaki kupita tu.

"Zinaropoka tu hizi," alisema, na kuingiza gia.

Shemeji hakucheka. Alisema polepole, "Yule mtu hukumwona?"

"Alitokea ghafla."

"Hakutokea. Tangu tukate kona alikuwa ubavuni kwetu. Mimi nilikuwa namwangalia." Akasogea karibu naye. "Tazama mbele. Usigeuke. Niambie mkono wangu uko wapi."

Breki alitazama mbele. Upande wa kushoto palikuwa na ukungu tu, ukungu aliouzoea kiasi cha kuusahau.

"Magotini."

Kitu kikamgusa shavuni. Mkono ulikuwa pale muda wote.

Nyuma yao honi zilianza kulia. "Kuna nini huko mbele?" aliuliza Sista Mkuu. Shemeji alikunja mikono kifuani, akamwachia Breki swali lile.

Breki aliinua macho kwenye kioo cha ndani. Aliwaona wamejipanga na sare zao zilizopigwa pasi, mmoja akirekebisha kofia, mwingine akisinzia kichwa begani kwa mwenzake. Alitaka kuomba tena, akakosa neno la kumwambia Mungu ambalo asingepaswa kuwaambia hawa kwanza.

"Niangalizie kushoto," alimwambia shemeji. Kwa maelekezo yake alisogeza basi kando, akazima injini, akageuka.

"Akina sista, jicho langu la kushoto halioni. Daktari alinikataza kuwaendesha. Nimewaendesha."

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa."

"Na sisi tunapiga makofi!" mmoja alisema. "Nina mtoto ananyonya, Breki. Ananyonya!"

"Najua, sista."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Sista Mkuu alikuja mbele akijishikilia kwenye viti. Alifungua kiganja, na Breki akaweka funguo. "Mwenye gari nitampigia mimi. Wewe ukimpigia utaanza kuzunguka. Na sitakuficha."

"Usinifiche."

Walishuka mmoja mmoja, wakaenda kwa miguu kuelekea hospitalini. Wengine walimgusa bega wakipita, wengine hawakumtazama. Shemeji alibaki.

"Dada yako je?" Breki aliuliza.

"Utamwambia mwenyewe, leo. Mimi nitakaa hapo hapo nisikie." Alifungua mlango. "Shuka twende. Sijakusamehe, lakini shuka."

Walisimama ukingoni mwa barabara, kliniki ikiwa ng'ambo. Shemeji alizunguka akaja upande wake wa kushoto, akamshika kiwiko. Breki aliona njia nyeupe, akainua mguu. Mkono ukamvuta nyuma. Pikipiki ikatokea kushoto, kinyume na foleni, ikapita karibu kabisa. Hakuiona, alihisi upepo wake tu.

"Sasa," shemeji alisema, na wakavuka.