Kisu cha Pauline Kilichopinda

Pauline alikiweka kisu juu ya fuawe. Kilikuwa kimepinda katikati kama mundu.

"Nilikuwa natenganisha paja la mbuzi, Mzee Ndolo," akasema. "Kisu ya kwanza ulinitengenezea imekaa miaka saba. Hii haijamaliza wiki mbili."

Ndolo alikipapasa. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amefua visu hapo sokoni Muthetheni, na hakuwahi kurudishiwa hata kimoja. Alimwomba Pauline radhi, akamwahidi kingine. Pauline akarudi buchani kwake bila hasira, na hilo likamuuma Ndolo zaidi.

Mkewe, Kamanthe, aliachilia gurudumu la baiskeli lililozungusha feni ya kupulizia moto.

"Baba Mueni, hiyo chuma uliichagua aje?"

Siku zote Ndolo alikigusisha chuma kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, akatazama cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu zisizopasuka. Chuma kigumu cheche zake hupasukapasuka na kutawanyika.

"Sioni cheche tena," akasema. "Tangu mvua ya Elinino macho yana ukungu. Nimekuwa nikibahatisha."

Kamanthe akamgeukia. "Na mimi nimesimama hapa na wewe kila siku," akasema. "Ungeniambia tu."

Kesho yake Gikonyo, muuza vyuma chakavu, aliwasili na mkokoteni. Aliinua ubapa wa chuma uliopakwa rangi nyeusi. "Springi ya lori hii, mzee. Funga macho uchukue!"

"Leo tunapima," Ndolo akajibu.

Kamanthe alikata kipande, akakitia motoni hadi kikaiva chekundu, akakitumbukiza majini. Kilipopoa akakipitishia tupa. Tupa ikauma, ikakwaruza kwa sauti nzito.

"Hiyo ni laini," Ndolo akasema kabla mkewe hajafungua mdomo. "Hiyo ni ya geti."

Gikonyo alijikuna kichwa. "Hata mimi niliuziwa hivyo."

Walijaribu vingine vinne. Vyote vikaumwa na tupa. Ndipo Kamanthe akainama, akachomoa chuma chenye kutu kilichozuia gurudumu la mkokoteni lisibiringike.

"Wacha hiyo, mama! Hiyo ni breki yangu!"

"Tafuta jiwe," Kamanthe akamwambia.

Kipande chake kilipotoka majini, tupa iliteleza juu yake, ikalia kwa sauti nyembamba.

"Rudia," Ndolo akasema, ameinamisha sikio. Kamanthe akarudia. Kisha akakigonga kwa nyundo, kikavunjika kama kigae.

"Ndani iko aje?"

"Ya kijivu. Chembe zake ni ndogo, kama unga umechekechwa."

Ndolo alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana, kwani kuvunjika hivyo na chembe ndogo ni dalili za chuma kigumu kifaacho kisu. Walikifua kuwa kisu mchana ule. Baada ya kukizamisha majini walikipasha moto tena polepole kisije kikavunjika, na Kamanthe ndiye aliyesema rangi ilipofikia manjano ya nyasi kavu.

Jumamosi Pauline alitenganisha mbuzi mzima kwa kisu hicho, akawatumia ini. Walilichoma papo hapo kwenye makaa ya kufulia.

"Wiki ijayo tunaenda Machakos kwa daktari wa macho," Kamanthe akasema akimpa mumewe kipande kikubwa.

"Tutaenda," Ndolo akajibu mdomo umejaa. "Lakini hata nikipona, vyuma utakuwa ukichagua wewe."